Nasoma umeme, moyo uko angani: je, nihamie fizikia?

Swali: Shikamoo Injinia. Nasoma shahada ya uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Tangu darasa la tano napenda mambo ya nyota na setilaiti. Nikisema hivyo wenzangu wanacheka, wanasema nitaishia kupanda nguzo. Mjomba anayenilipia ada ananiambia nishike kitu chenye kazi. Naomba kuuliza: niache umeme nianze upya na fizikia? Nikibaki, huko angani kuna kazi gani ya mtu wa umeme, na mtu wa kwetu anaingilia mlango upi? Na mradi wa mwaka wa nne nichague upi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kwanza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usiache umeme. Ukirudi mwaka wa kwanza wa fizikia leo, utatumia miaka mitatu kuifikia sehemu ambayo tayari umeshaikaribia kwa mlango wa nyuma, na mlango huo wa nyuma ndio uliotumiwa na wenye nyumba wenyewe.

Mtu wa kwanza kusikia redio ya nyota alikuwa mtu wa simu. Kampuni za Marekani zilikuwa zikipiga simu za redio kuvuka Atlantiki na laini zilijaa mikwaruzo. Karl Jansky, kijana wa maabara ya Bell, akaambiwa atafute mikwaruzo hiyo inatoka wapi. Akaunda antena kubwa inayozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford, akaitega kwenye masafa ya megahezi 20.5. Akapata radi za karibu, akapata radi za mbali, na akabaki na mvumo mmoja hafifu usioeleweka. Mvumo huo ulikuwa unafika kileleni dakika nne mapema kila siku. Mtu mzembe angesema saa yangu mbovu. Jansky alifuatilia hizo dakika nne mpaka akaelewa kwamba ndizo tofauti ya siku ya jua na siku ya nyota, kwa hiyo kinachovuma hakipo duniani wala kwenye jua. Kipo upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Alichapisha matokeo mwaka 1933. Wanaastronomia wengi hawakushtuka. Aliyeshtuka ni fundi redio mwingine, Grote Reber, ambaye mwaka 1937 alijenga dishi la zaidi ya mita 9 nyuma ya nyumba yao huko Illinois, kwa fedha yake. Leo nguvu ya chanzo cha redio angani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa jansky. Kwa hiyo mtu akikucheka, mwambie taaluma nzima ya astronomia ya redio ilianzishwa na watu wa kutafuta kelele kwenye laini.

(Pembeni kidogo: nasema astronomia makusudi. Ukisema unajimu nyumbani, mjomba atadhani unajifunza kupiga ramli, na mazungumzo ya ada yataishia hapo.)

Sasa kazi yenyewe. Nikupe mfano mmoja kwa tarakimu, kwa sababu ukishaufanya kwa mkono wako utajua kama moyo wako uko huku kweli au ulipenda picha tu. Chukua setilaiti ndogo, boksi la sentimita 10 kila upande, lenye kirusha mawimbi cha wati 1 kwenye megahezi 437. Inapochomoza upeoni iko kama kilomita 2,000 kutoka ulipo. Ukiweka namba hizo kwenye fomula ya upotevu wa njia, yaani nguvu inayopungua mawimbi yakisafiri, unapata desibeli 151 (kila desibeli 10 ni mara kumi). Wati 1 ni desibeli 30 juu ya miliwati. Toa 151, ongeza 12 za antena yako nzuri ya hapa chini, unabaki na −109. Maana yake, kati ya ile wati moja, wewe umeokota sehemu moja kati ya trilioni 80 hivi. Na kwenye hiyo sehemu moja unatakiwa usome joto la betri, mkondo wa paneli, na kama kamera imepiga picha. Dakika kumi baadaye imezama upande wa pili. Hesabu hiyo ndiyo mkate wa kila siku wa mtu wa mawasiliano ya setilaiti, na humo hakuna kitu ambacho hukufundishwa kwenye kozi za mawasiliano na mawimbi. Tofauti ni kwamba kwenye mtihani ukikosea desibeli 3 unapoteza alama mbili, huku ukikosea desibeli 3 umepoteza nusu ya nguvu yako na hakuna wa kupanda juu kwenda kurekebisha.

Upande wa nguvu nao hauna masihara. Boksi hilohilo linazunguka dunia kila baada ya dakika 90 na ushei, na kama dakika 35 kati ya hizo liko kwenye kivuli. Jua huko juu lina wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Uso mmoja wa boksi ukibeba seli mbili nzuri, zenye ufanisi wa asilimia 30, na ukalitazama jua moja kwa moja, unakupa kama wati mbili na nusu. Hiyo ndiyo bajeti yako ya maisha: kompyuta, redio, kamera, hita ya betri. Hita, kwa sababu betri za lithiamu ukizichaji chini ya nyuzi sifuri unaziua. Simu yako unaichaji mara moja kwa siku, mara 365 kwa mwaka. Betri ya setilaiti inachajiwa na kutumika zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini namba hiyo inatisha, na akajua kuchagua ashushe betri kwa kina gani ili idumu, huyo anaajirika kwenye setilaiti, kwenye magari ya umeme, na kwenye sola za vijijini. Mjomba asome sentensi hiyo.

Nilipoanza kazi kwenye kituo kimoja cha kupokea mawimbi (nisikitaje), tulisumbuliwa siku tatu na mlio kwenye skrini. Ulikuwa unatokea jioni, unakaa, unapotea alfajiri. Tulibadilisha amplifaya, tukabadilisha kebo, bosi akaanza kuandika barua ya kuagiza kipokezi kipya kutoka nje. Siku ya nne nikabeba antena ndogo ya mkononi, nikazunguka uani kama mtu anayetafuta kuku. Mlio ukazidi nilipokaribia kibanda cha mlinzi. Ndani kulikuwa na chaja ya simu ya bei poa, imechomekwa ukutani, na mzee wa watu anasikiliza mpira. Tukamnunulia chaja nyingine. Nakusimulia hili kwa sababu watu hudhani kazi za anga ni kukaa mbele ya skrini zenye picha za sayari. Sehemu kubwa ni kumtafuta mwenye chaja.

Na kuna mahali hiyo kazi ya chaja imekuwa taaluma kamili. Karoo, Afrika Kusini, kuna darubini ya redio ya MeerKAT, madishi 64 yenye kipenyo cha mita 13.5 kila moja, iliyozinduliwa Julai 2018. Nchi ile ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda eneo hilo kwa ajili ya astronomia. Simu hazitakiwi kule, na kompyuta zimefungiwa kwenye jengo lililozungukwa na chuma na udongo ili kelele zake zisifike kwenye antena. Nani anabuni jengo hilo, anapima milango yake, anapanga waya za ardhi (earth) na viunganishi? Watu wa umeme. Nani anavuta umeme mkubwa hadi jangwani na kuhakikisha haukatiki wala kutoa cheche za redio? Haohao. Kwa hiyo hata hao wa kupanda nguzo wana nafasi yao, usiwadharau.

Halafu fikiria madishi hayo 64. Ili kupata picha, mawimbi ya kila dishi lazima yalinganishwe na ya kila dishi jingine: jozi 2,016, papo hapo, bila kupumzika. Mtambo wa kufanya hesabu hiyo ulijengwa kwa chipu za FPGA, zile ambazo saketi yake unaiandika kwa programu, kwenye bodi zilizobuniwa Afrika Kusini. Nitakwambia maoni yangu bila kuzunguka: kama ungeniruhusu nikuchagulie ujuzi mmoja tu wa kuongeza juu ya shahada yako, ningesema FPGA pamoja na uchakataji wa mawimbi kidijitali. Wanafunzi wengi hukimbilia kuandika programu za simu, na sikatai, zina pesa. Lakini mtu anayejua kuandika Verilog au VHDL, lugha za kuandikia saketi hizo, na akaelewa ni kwa nini kichujio chake kinachelewesha mawimbi, huyo ni adimu, na adimu hapewi sapu na soko la ajira.

MeerKAT yenyewe inamezwa na mradi mkubwa zaidi, SKA, ambao upande wa Afrika Kusini utafikisha madishi 197 na upande wa Australia antena 131,072 za umbo la miti ya Krismasi. Makao makuu yako Jodrell Bank, Uingereza. Hapa ndipo nakufikisha kwenye swali la mlango.

Tuseme ukweli kuhusu pasipoti, maana vijana wengi hupoteza miaka kwa kutoambiwa. NASA huajiri raia wa Marekani. Kampuni za roketi za Marekani zinafungwa na sheria ya kudhibiti teknolojia ya silaha, ambayo roketi na vyombo vingi vya anga vimo ndani yake, kwa hiyo kwa kawaida zinahitaji raia au mwenye ukaaji wa kudumu. Shirika la anga la Ulaya huchukua watu wa nchi wanachama. Usikate tamaa, ila usijenge ndoto yako yote kwenye mlango uliofungwa kwa komeo. Milango iliyo wazi zaidi ni vyuo vikuu, maana maabara ya chuo hutafuta mwanafunzi mzuri wa uzamili bila kujali sana katoka wapi, na kampuni ndogo za setilaiti za nchi ambazo hazikutazamwa sana. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 15, 2023 kwa roketi ya Falcon 9, ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Nani alikuwa anafikiria Bulgaria?

Japani ni mlango mwingine, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, wenyewe huiita Kyutech, ina mpango wa pamoja na Umoja wa Mataifa wa kufadhili uzamili na uzamivu kwenye setilaiti ndogo, kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Waganda walipita hapo: vijana wao walibuni na kujenga PearlAfricaSat-1 wakiwa Kyutech, ikarushwa Novemba 2022 na kuachiwa mwezi uliofuata kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiliachia setilaiti yake, 1KUNS-PF, kutoka kituo hichohicho Mei 2018, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Rwanda wakafuata na RWASAT-1 mwaka 2019. Angalia ukubwa wa vitu hivi: cha Nairobi ni boksi la sentimita 10. Ni kitu kinachoingia kwenye mkoba wako wa darasani. Ndiyo maana nchi zetu zimeanzia hapo, na ndiyo maana mtu mmoja anayejua bodi ya nguvu ya boksi hilo anaweza kuwa mtu muhimu kwenye nchi nzima.

Kwenye astronomia ya redio, fahamu kwamba nchi washirika wa SKA Afrika, mbali na Afrika Kusini, ni nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania haimo. Hilo lina maana ya vitendo: mafunzo na ufadhili mwingi ulilengwa kwa raia wa nchi hizo, kwa hiyo kila tangazo soma kwanza mstari wa uraia kabla hujaandika barua ya maombi ya kurasa tatu. Ukikuta hukubaliwi kwa ufadhili, haimaanishi hukubaliwi kusoma. Omba nafasi, kisha tafuta fedha kwa njia nyingine.

Ghana walifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa umeme Afrika Mashariki angepaswa kulijua. Walikuwa na dishi la mita 32 pale Kuntunse, la simu za kimataifa. Nyaya za baharini zikaja, dishi likakosa kazi. Badala ya kuuza chuma chakavu, wakishirikiana na Waafrika Kusini waliligeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa 2017. Kenya ina madishi ya aina hiyo Longonot, Bonde la Ufa, na mpango wa kuyafanyia vivyo hivyo umezungumzwa kwa miaka. Kazi ya kugeuza dishi la simu kuwa darubini ni mota, vidhibiti, vipokezi vya baridi kali, saa ya atomiki. Ukiondoa saa, vyote umevigusa darasani.

Na usisahau Malindi. Pale Ngomeni, kaskazini ya mji, Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini tangu 1967. Desemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, walirusha setilaiti ya NASA, ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya vyanzo vya eksirei bado inatumika: ukikuta kwenye makala za kitaalamu chanzo kinachoanza na 4U, hiyo U ni Uhuru, neno letu. Roketi zilikoma 1988, lakini kituo cha mawasiliano kimeendelea, na setilaiti ya Swift ya Marekani, inayowinda milipuko ya miali ya gama tangu 2004, imekuwa ikituma data zake kupitia Malindi. Kituo cha namna hiyo kinahitaji watu wa antena, wa umeme wa dharura, wa mitambo ya kupokea. Pwani yetu wenyewe.

Kwa mjomba sasa. Mwambie hivi: nafasi zenye neno anga kwenye jina, hapa kwetu, ni chache. Kenya wana shirika lao la anga tangu 2017, Rwanda wana lao, Umoja wa Afrika umefungua la bara zima mjini Cairo mwaka 2025, lakini ukihesabu viti havikutoshi wewe na darasa lako. Ila ujuzi uleule unalipwa kwenye kampuni za simu, vituo vya televisheni, viwanja vya ndege vyenye rada, mamlaka za hali ya hewa zinazopokea picha za setilaiti, na wafungaji wa intaneti ya dishi. Ninaowajua waliofika mbali walikaa kwanza huko miaka miwili mitatu, wakachafuka mikono, ndipo wakaomba uzamili. Kamati ya udahili hupenda mtu aliyewahi kukesha na kipokezi kibovu.

Mradi wa mwaka wa nne, basi. Kabla ya mradi, tumia likizo hii kupata picha yako ya kwanza kutoka angani. Nunua kipokezi kidogo cha USB cha redio ya programu, kile cha RTL-SDR. Bei yake ni kama ya viatu vya heshima. Chukua fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 53, zilaze juu ya paa kwa umbo la V lenye nyuzi 120, mdomo wa V uelekee kaskazini au kusini. Zile setilaiti za NOAA zilizofunza kizazi chetu zilizimwa 2025, lakini za Urusi za Meteor-M bado zinarusha picha karibu na megahezi 137.9. Zinapita juu yako mara chache kwa siku, kila mara dakika zisizozidi 15. Siku utakapoona Unguja na Pemba zimejichora mstari kwa mstari kwenye kompyuta yako, bila intaneti, utaacha kuniuliza kuhusu fizikia. Kupokea tu, lakini. Kabla hujarusha chochote pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue leseni.

Mradi wenyewe, mimi ningekushauri kipokezi cha haidrojeni. Haidrojeni ya Njia Nyeupe hutoa mawimbi kwenye megahezi 1420.4, urefu wa sentimita 21. Pembe ya mabati au ya maboksi yaliyofunikwa karatasi ya alumini, amplifaya yenye kelele ndogo na kichujio mdomoni kabisa mwa antena, kipokezi kilekile cha USB, kisha programu ya Python ya kujumlisha wastani wa dakika kadhaa. Na hapa una bahati ambayo wenzako wa London hawana: kutoka Dar, kitovu cha Njia Nyeupe hupita nyuzi kama 22 tu kutoka utosini, kwao hakipandi hata nyuzi 10 juu ya upeo. Kati ya Juni na Agosti usiku kipo juu ya paa lako. Usimamizi wa mradi utataka kuona uhandisi, kwa hiyo usiuze kama mradi wa nyota. Uite ubunifu na upimaji wa kipokezi chenye kelele ndogo, uoneshe joto la kelele la mfumo (kelele zake zikihesabiwa kama joto) kabla na baada ya kila badiliko, na nyota ziwe ushahidi kwamba kinafanya kazi.

Kama msimamizi wako anapenda nguvu za umeme kuliko redio, fanya bodi ya nguvu ya ile setilaiti ya sentimita 10: paneli, chaja inayosaka nguvu kubwa zaidi ya paneli (MPPT), betri, kinga. Iwashe dakika 55, izime dakika 35, mchana na usiku kwa wiki nzima, uandike joto na volti kila dakika. Wiki hiyo ya namba itasema zaidi kwenye maombi ya Kyutech kuliko wastani wako wa alama.

Kichujio cha megahezi 1420 ndicho kitakachokusumbua, maana mnara wa simu ulio jirani na hosteli yako utaijaza amplifaya kabla haidrojeni haijafika. Kabla hujanunua amplifaya, panda juu ya paa na kipokezi, pima minara yako kwa usiku mmoja, kisha niletee hizo namba.